Bibi wa Prufu Anajibu: "Riwaya Yangu Ipo Kwenye Foleni"

Mwezi huu najibu barua mbili tu. Ya kwanza ilikuja katika bahasha nene, ndani ina sura nzima ya riwaya. Nimeisoma siku nne kibarazani kwangu hapa Kirumba, mpaka harufu ya dagaa wa Mwaloni imeingia karatasini na kalamu nyekundu imekauka. Wale wa mashairi mnivumilie hadi toleo lijalo.

BARUA YA KWANZA

Shikamoo Bibi. Mimi ni mwalimu wa historia, naishi Buhongwa. Kwa miaka minne nimeandika riwaya ya kihistoria juu ya misheni za mwanzo za Wahispania huko California. Inamfuata Padri Junípero Serra tangu anapofika San Diego mwaka 1769 hadi anapofariki mwaka 1784. Wazo lilinijia mwaka 2015 Papa Francis alipomtangaza kuwa mtakatifu, nikasikia wengine wanashangilia na wengine, vizazi vya wenyeji wa kule, wanapinga kwa uchungu. Mchapishaji wa Dar es Salaam aliupenda mswada, tukatia saini mkataba. Sasa huu ni mwezi wa 19. Kila nikipiga simu naambiwa, "Ipo kwenye foleni, mwalimu." Nifanyeje? Na je, ninaruhusiwa kurekebisha mswada wakati nasubiri? Kila nikiusoma naona kasoro. La mwisho, walimu wenzangu wananicheka ofisini: Mwanza na Hispania wapi na wapi? Naambatanisha sura ya kwanza.
Msubiri, Buhongwa

Marahaba mwanangu.

Nianze na hao wanaokucheka, maana ndio wepesi. Waulize mchana walikula nini. Kama ni ugali wa mahindi au wa muhogo, basi walikula mimea ya Amerika iliyoletwa pwani ya Afrika na meli za Wareno, na hakuna aliyeuliza wapi na wapi wakati wa kunawa mikono. Wakizidi, wapandishe gari hadi Bukumbi, upande wa Misungwi. Mapadri Weupe, wale wamisionari Wakatoliki, walifungua misheni pale mwaka 1883, miaka 114 baada ya Serra kusimika msalaba wake San Diego. Kengele, tofali la udongo, daftari la ubatizo, watoto waliopangwa mistari kufundishwa sala: mwalimu, vile ulivyoviandika wewe navijua kwa macho. Mimi upande wa mama ni mtu wa Bukumbi.

Tofauti ipo, na ni kubwa. Serra alikuja pamoja na askari wa mfalme wa Hispania. Mapadri Weupe walipofika Kageye, pale Magu, hapakuwa bado na serikali ya Ulaya ziwani huku; iliwabidi wakae kwa ridhaa ya watemi. Anayeomba mahali pa kulala huzungumza kwa sauti nyingine na aliyekuja na bunduki mlangoni. Sauti hiyo mwandishi wa Mwanza anaweza kuisikia kuliko wa Madrid. Hilo litoshe kwa walimu wenzako.

Sasa hiyo foleni. Nimesoma prufu, yaani kurasa za majaribio zinazosahihishwa kabla kitabu hakijachapwa, miaka 31, kwanza katika kiwanda cha chapa cha misheni, kisha kwa wachapishaji wa mjini, na hilo neno "foleni" nimelitamka mwenyewe kwenye simu huku kikombe changu cha chai kimekaa juu ya mswada wa anayeuliza. Kwa hiyo nakwambia kama mkosaji. Mchapishaji wa hapa kwetu anaishi kwa vitabu vya shule. Kitabu cha shule kina mnunuzi kabla hakijakauka wino. Riwaya inamngoja mtu aamue mwenyewe kutoa hela mfukoni badala ya kununua sato wa jioni. Pesa ya karatasi ikipatikana, cha shule kinatangulia na riwaya inasogezwa pembeni. Mara nyingi hakuna ubaya wowote ndani yake, ni tumbo tu.

Lakini "foleni" si jibu, na wewe umekuwa unauliza swali linalozaa jibu hilo. Acha kuuliza "kitatoka lini". Uliza kama mhariri ameshakabidhiwa mswada, na anaitwa nani. Uliza kama kurasa zimeshapangwa, kama ISBN, namba ya kukitambulisha kitabu, imeshaombwa, jalada analichora nani. Mtu akiulizwa vitu vinne vyenye majina hawezi kukujibu kwa neno moja. Na uliza kwa barua yenye tarehe, kwa sababu simu haina faili.

Kabla ya barua, fungua mkataba. Tafuta kifungu kinachosema kitabu kitoke ndani ya muda gani, na muda huo ukipita haki zinarudi kwa nani. Kama kipo, kitaje kwa namba yake, kwa adabu, usitishe. Kama hakipo (na mikataba mingi iliyopita mezani kwangu ilikuwa bubu hapo) omba tarehe kwa maandishi na utunze nakala. Usije ukasikia jamaa wa Makoroboi anachapa vitabu kwa bei nafuu ukakimbilia kwake. Haki ya kuchapa umeshaikabidhi kwa saini yako. Mpaka upewe barua ya kuachiliwa, utakuwa unaiba kitabu chako mwenyewe.

Kama unataka kujua foleni ndefu ni ipi, tazama Ukerewe. Aniceti Kitereza alimaliza riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945. Hakupata wa kuichapa. Akaigeuza mwenyewe kwa Kiswahili, mstari kwa mstari, na ikatoka Dar es Salaam mwaka 1980. Yeye akafariki 1981. Sikutishi. Nataka tu uache kusema kwamba miezi 19 imekuua.

Kurekebisha unaruhusiwa, ila kwa mkupuo mmoja, na kabla kurasa hazijapangwa. Usitume mswada mpya mzima. Mhariri aliyefika sura ya saba akiletewa mswada mpya, anaurudisha wote chini ya rundo, na hata mimi ningefanya hivyo. Tuma orodha: ukurasa, mstari, lililopo, liwe nini. Baada ya kurasa kupangwa sahihisha makosa tu, usitunge. Karatasi kubwa ya kitabu hukunjwa, na mara nyingi kila mkunjo unatoa kurasa 16. Aya zako mbili mpya zinaweza kukisukuma kitabu kwenye mkunjo mwingine, mtu akanunua karatasi ya kurasa 16 ili zibebe nusu ukurasa wako.

Naomba pia usiidharau prufu itakapokuja. Mwaka fulani niliruhusu kitabu cha historia ya Kanisa kitoke kikisema wamisionari waliondoka Kageye kwenda Buganda "kwa mitumba kumi". Mitumbwi ilikuwa imelala pale pale mbele ya macho yangu. Nakala zote zilikwisha kushonwa. Hadi leo kuna padri mmoja mzee akiniona sokoni ananiuliza kama mzigo mpya umefika.

Haya, nimefika kwenye sura yako, na hapa sitakuwa mpole.

Orodha yako ianze hivi. Ukurasa wa 3, Serra anasimama kilimani akiwaza "kengele za misheni zake 21". Hakuwa nazo. Alipofariki Agosti 1784 zilikuwa tisa. Ya 21, ile ya Sonoma, ilianzishwa mwaka 1823, yeye yuko kaburini Carmel karibu miaka 40. Ukurasa wa 5 umeandika "ardhi ya Marekani". Mwaka 1769 nchi hiyo haijazaliwa, na California ilikuwa ya Hispania, kisha ikawa ya Mexico, hadi 1848 ndipo Marekani ikaichukua. Ukurasa wa 8 padri anakunywa chai. Mpe chokoleti ya moto, ndiyo waliyoagiza kutoka Mexico na kulalamika ikichelewa. Kanzu yake umeipaka rangi ya kahawia kwa sababu ndivyo unavyowaona leo Wafransisko, watawa wa shirika lake; wale wa kule enzi hizo walivaa kijivu.

Ukurasa wa 9 umenifanya niweke kalamu chini. "Wahindi walijificha vichakani na pinde zao." Mwanangu, msomaji wa Mwanza akisoma Wahindi anawaona wenye maduka ya vitambaa hapo mjini, sasa wanatafuta nini vichakani? Watu wale wana jina. San Diego ni Wakumeyaay. San Gabriel ni Watongva. Ufukweni kwenye mitumbwi ya mbao zilizoshonwa kwa kamba na kuzibwa kwa lami ni Wachumash, na mvuvi yeyote wa Kirumba atakuelewa ukimwelezea chombo hicho. Andika majina hayo hata yakiukwaza ulimi. Mbona Junípero umeliandika hadi na alama yake ya juu?

Yapo uliyoyaandika vizuri, nayo niyaseme. Kambi ya San Diego mwanzoni mwa 1770, mabaharia wamekwisha kwa kiseyeye, chakula kinaelekea ukingoni, gavana Portolá anasema meli isipokuja kufikia sikukuu ya Mtakatifu Yosefu wanarudi kusini, na padri anaanza novena, sala ya siku tisa: hapo nilisoma nimesahau sufuria jikoni. Tanga likaonekana Machi 19. Inaonekana sehemu hiyo umeiandika ukiwa unajua kusubiri kulivyo. Nusu yake ni saburi na nusu ni hasira ya kutaka kulaumu mtu. Usiiguse hata nukta.

Na umemwona Serra mwenye mguu mbovu, uliomsumbua tangu alipotembea kutoka Veracruz kwenda jiji la Mexico, akikataa kubebwa. Sawa. Lakini umemwacha akiwa mwema tu, kama picha ya ukutani. Mtu huyu alisafiri hadi Mexico mwaka 1773 kuwashitaki makamanda kwa makamu wa mfalme, kwa sababu askari walikuwa wanawavamia wanawake wa vijijini. Usiku wa Novemba 4 kuamkia 5, mwaka 1775, Wakumeyaay wakaichoma misheni ya San Diego na kumuua Padri Luis Jayme. Serra akaandika kuomba waliofanya hivyo wasinyongwe. Na mtu huyo huyo mwaka 1780 akamwandikia gavana Neve kutetea mapadri kuwachapa viboko waliobatizwa, kama baba anavyochapa mwanawe. Kalamu ni moja. Kwa mpango wake, aliyekwisha kubatizwa hakuwa na ruhusa ya kuondoka atakavyo. Akitoroka, askari walimfuata wakamrudisha. Kama riwaya yako itaficha barua ya 1780 ili mtakatifu apendeze, wale uliowasikia mwaka 2015 wakipinga hawatakuwa na mahali pa kukaa ndani ya kitabu. Kama itaficha ile ya kuomba huruma, padri atakuwa kikaragosi na hutahitaji kurasa 300 kumchora.

Sasa kubwa kuliko yote. Lile tukio la ubatizo wa kwanza San Diego, ambalo rafiki yake Palóu alilisimulia katika kitabu cha maisha ya Serra kilichotoka Mexico mwaka 1787. Mwaka mzima umepita bila hata mmoja kukubali. Siku moja analetwa mtoto mchanga. Padri kavaa, koplo amesimama tayari kuwa baba wa ubatizo, maji yako mkononi. Wakati ule ule wa kumwagia, jamaa zake wanamnyakua mtoto na kukimbia naye kijijini. Wewe umempa padri kurasa tatu za machozi. Ni haki yake, alilia kweli, hata miaka baadaye alilia akihadithia. Lakini mtoto umemwita "mtoto". Mikono iliyomnyakua ni "mikono". Mama yake hayupo kabisa, utadhani alizaliwa na kichaka.

Bibi yangu mzaa mama alibatizwa Bukumbi akiwa binti mdogo, akaitwa Maria. Nimemjua kama Bibi Maria, nimemwandikia barua kama Bibi Maria, msalaba wake nikaenda kuuagiza mwenyewe uandikwe Maria. Siku ya msiba akaja kikongwe mwenzake anashikiliwa mikono, akapiga magoti kwenye jeneza, akalia, "Kabula wee, Kabula!" Nikamuuliza mama, Kabula ni nani? Mama akaniangalia kama nimetukana. Kabula kwa Kisukuma ni binti wa mvua. Basi mvua ya siku aliyozaliwa ilikuwa kwenye jina lake miaka yote ile na mimi sikuijua, na nilikuwa mtu mzima, kazi yangu ni kusoma majina ya watu yasikosewe.

Ndiyo maana nimekasirika na kurasa zako tatu, nisamehe.

Pa kuanzia papo. Madaftari ya ubatizo ya misheni za California yaliandika jina jipya la Kihispania, na mara nyingi yakaandika pia jina la asili na kijiji cha mtu. Maktaba ya Huntington kule California imeyakusanya katika hifadhidata iliyo wazi kwenye intaneti: zaidi ya ubatizo 100,000, pamoja na ndoa na mazishi. Daftari la kwanza la San Diego liliungua katika moto ule wa 1775, mapadri wakaliandika upya kwa kukumbuka. Hebu fikiria sura nzima ya hilo: watu wawili mezani, majivu nje, wanajaribu kukumbuka walimpa nani jina gani. Hiyo nakupa bure.

Na mtafute Pablo Tac. Alizaliwa mwaka 1822 katika misheni ya San Luis Rey, Mluiseño, yaani mwenyeji wa pale, akapelekwa Roma kusoma, akafia huko mwaka 1841 akiwa bado kijana. Kabla ya kufa aliandika kuhusu watu wake na lugha yao. Ni baada ya wakati wa riwaya yako, najua, lakini ndiye anayeweza kukuonesha misheni ilivyoonekana kutoka upande wa aliyeitwa na kengele. Katika maandishi yake, mkubwa wa kijiji anapomwona mgeni kwa mara ya kwanza anamuuliza anatafuta nini, kisha anamwambia atoke katika nchi yao. Lisome hilo halafu urudi kwenye ukurasa wako wa 9 na vichaka vyako.

Yote haya yanaingia kwenye orodha ya kurasa mbili tatu. Itume mwezi huu, pamoja na ile barua.

BARUA YA PILI

Shikamoo Bibi. Mume wangu ameandika kitabu ambacho hakijatoka. Nyumbani hatukai kwa amani. Pikipiki ikisimama nje anatoka mbio akidhani ni vitabu. Amehamisha meza ya kulia iwe ya kutia saini, sisi tunakula mkekani. Usiku ananisomea sura, nikisinzia ananiamsha. Hayo nayavumilia. Mwezi uliopita amechukua 400,000 za kikoba changu, akalipia ukumbi na kadi za uzinduzi, na tarehe hana. Nimwambieje bila kumvunja moyo?
Mama Pacha, Buhongwa

Marahaba mwanangu. Sitauliza kama bahasha hizi mbili zilinunuliwa duka moja.

Pesa ya kikoba ni ya wanawake wenzako, na moyo wa mwandishi hauvunjiki kwa kuambiwa hivyo. Mwambie leo. Aende ukumbini na risiti aombe malipo yasogezwe hadi atakapokuwa na tarehe, au arudishiwe wanachoweza kurudisha. Wakikata kidogo, akubali. Kadi kama hazijachapwa azisimamishe. Zikiwa zimechapwa bila tarehe, hazina hasara, zitaandikwa kwa mkono.

Kitabu kinazinduliwa kikiwa mezani. Niliwahi kwenda uzinduzi mmoja hapa mjini, mgeni rasmi amefika, kwaya imefika, pilau imefika, vitabu viko njiani. Vilikuwa njiani siku tatu. Mwandishi akatembeza nakala ya jalada iliyotolewa fotokopi, tukapiga nayo picha. Watu wakala, wakaondoka, na vitabu vilipokuja hakuna aliyerudi kununua, maana kila mtu alishajiona amehudhuria. Maboksi alikuja kuyauza kidogo kidogo stendi.

Meza irudi mahali pake, watoto wale. Wachapishaji wengi humpa mwandishi nakala chache tu za bure, zitatosha juu ya stuli.

Kuhusu kusinzia, una haki. Ila akifika sura ile ya ubatizo, ya padri na mtoto aliyenyakuliwa, jikaze uwe macho. Akimaliza kusoma muulize mama wa yule mtoto alikuwa anaitwa nani. Usimsaidie. Mwache akae nalo hapo mkekani.